Samaki aliyekufa njiani ni hasara ya nani?

MFANYABIASHARA wa Kariakoo anapohama duka, jambo la kwanza analofikiria ni guta. Mashelfu yanafunguliwa, marobota yanafungwa kamba, wapagazi wanapatana bei, na kabla ya adhuhuri mali yote imeshatoka Mtaa wa Sikukuu na kuingia Mtaa wa Swahili. Robota likilowa linaanikwa. Kioo kikivunjika kinanunuliwa kingine. Hesabu ya kuhama inafungwa siku hiyo hiyo.

Lakini ipo mali moja isiyohama kwa utaratibu huo. Ni tangi la kioo la maji ya bahari, lile lenye mawe, matumbawe na samaki wa rangi, ambalo mwenye hoteli, ofisi au nyumba ya katikati ya jiji huliweka ukumbini ili kuwapendezesha wageni. Tangi hilo likihamishwa kama meza, kioo kinaweza kufika salama, maji yakafika na samaki wakafika wakiogelea. Siku ya tatu wanaelea, matumbo juu. Mwenye tangi anamlaumu mchukuzi. Mchukuzi anasema alipowashusha walikuwa hai. Muuzaji naye anasema walipotoka kwake walikuwa wazima. Huenda wote wanasema kweli, na hasara inabaki kwa mwenye tangi peke yake.

Ugomvi huo si wa wenye matangi tu. Ndio ugomvi wa mfugaji aliyenunua vifaranga vya samaki vya kupanda bwawani, wa mama aliyepokea boksi la vifaranga vya kuku stendi, na wa mchuuzi wa kaa wanaotoka Rufiji. Wote wananunua kitu kinachopumua, lakini wanalipa kana kwamba wamenunua misumari. Hesabu inapigwa wakati wa kupakia, na kinachotokea baada ya hapo kinaitwa bahati mbaya.

Ni ukweli usiopingika kwamba sehemu kubwa ya bahati mbaya hiyo ina sababu inayojulikana na inayozuilika. Bei ya kitu hai inapaswa kuhesabiwa kinapofika, si kinapopakiwa, na hasara ya njiani ibebwe na yule aliyekuwa na uwezo wa kuizuia. Kazi ya kuhamisha tangi la maji ya bahari ni darasa zuri la jambo hili, kwa sababu ndani ya kioo hakuna kinachofichika.

Maji yana uzito

Chukulia tangi la ukubwa wa kawaida, lenye urefu wa sentimita 120, upana wa sentimita 50 na kimo cha sentimita 60. Likijaa linabeba lita 360. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa takribani kilo 1.025, kwa hiyo maji peke yake yanafika karibu kilo 369. Hapo hakijapimwa kioo, hayajapimwa mawe wala mchanga.

Wapagazi wa Kariakoo ni mashujaa, lakini tangi la namna hiyo halibebwi likiwa na maji, hata yakipunguzwa nusu. Likiinuliwa, maji yanakimbilia upande mmoja, kioo kinapinda na gundi ya silikoni iliyoshika pembe inaachia. Mara nyingi haliachii pale pale. Linaanza kuvuja baada ya siku kadhaa, usiku, juu ya sakafu ya jirani wa chini. Kanuni ya kwanza basi ni kwamba tangi huhama tupu.

Aidha, anayehamia ghorofani anapaswa kuuliza kuhusu sakafu kabla ya kuuliza kuhusu kodi. Zaidi ya kilo 400 zilizokaa mahali padogo si mzigo wa kuweka katikati ya chumba chochote. Huwekwa karibu na ukuta au nguzo inayobeba jengo, baada ya kumuuliza fundi anayelifahamu jengo lenyewe. Kariakoo ilishuhudia ghorofa likiporomoka Novemba 16, 2024 na kuua watu wengi. Baada ya msiba ule, hakuna mpangaji anayepaswa kuona aibu kuuliza jengo linabeba uzito gani.

Mali isiyoonekana

Kosa kubwa zaidi halihusu kioo. Wengi wanaamini kwamba uhai wa tangi uko kwenye maji, kwa hiyo wanahangaika kuhifadhi kila tone la maji ya zamani huku mawe yakiachwa juani nje ya mlango. Ukweli ni kinyume chake. Maji safi yanaweza kutafutwa mengine. Kinacholiendesha tangi kimo ndani ya mawe.

Samaki anapokula, anatoa uchafu wenye amonia, ambayo ni sumu kwake mwenyewe. Baharini amonia hiyo inapotea katika wingi wa maji. Ndani ya lita 360 haina pa kwenda. Kinachomwokoa samaki ni bakteria wanaoishi kwenye mawe yenye vitundu, kwenye mchanga na kwenye kichujio. Kundi moja la bakteria linaigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ina madhara, na kundi jingine linaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo ukali wake ni mdogo zaidi. Kazi hiyo inafanyika mchana na usiku bila mtu kuiona.

Mawe yakikauka kwa saa kadhaa, bakteria wengi wanakufa. Sifongo, minyoo na viumbe vingine vidogo vilivyojificha ndani ya vitundu navyo vinakufa, vinaanza kuoza, na vinaongeza amonia pale ambapo watumishi wa kuisafisha wamepungua. Ndiyo maana samaki hawafi siku ya kuhama. Wanakufa siku ya pili, ya tatu au ya tano, wakati mwenye tangi ameshaanza kupumua na kumshukuru mchukuzi.

Wafanyabiashara wa Kariakoo wanaweza kulielewa jambo hili kuliko watu wengine. Baada ya soko kuu kuungua usiku wa Julai 10, 2021, waliokuwa na vizimba humo walilazimika kutafuta riziki mahali pengine. Meza na mizani zinahama kwa siku moja. Mteja aliyezoea kona fulani, mkopeshaji wa asubuhi na jirani wa kulinda mzigo hawapakiwi kwenye kirikuu. Biashara inaendeshwa na vitu hivyo visivyoonekana, kama tangi linavyoendeshwa na bakteria.

Kazi inavyofanyika

Anayejua kuhamisha tangi huanza kazi siku kadhaa kabla. Maji mapya yanaandaliwa kwanza kule tunakohamia, yakiwa na chumvi na joto linalolingana na yale ya zamani. Chumvi ya bahari ni takribani gramu 35 katika lita moja, na joto linalofaa ni kati ya nyuzi 24 na 27. Wapo wanaojaribu kupunguza gharama kwa kukoroga chumvi ya dukani. Hiyo haifai. Chumvi ya jikoni kwa sehemu kubwa ni ya aina moja tu, ilhali maji ya bahari yana magnesiamu, kalsiamu na madini mengine, na matumbawe hujenga mifupa yao kwa kalsiamu hiyo.

Maji ya bomba yanayotumika kuyeyushia chumvi maalumu ya matangi yanapaswa kuondolewa klorini kwanza, kwa kuwa klorini inayoua vijidudu vya maradhi inaua pia bakteria wanaohitajika. Anayetaka kuteka maji baharini moja kwa moja asiteke karibu na mdomo wa Mto Msimbazi wala karibu na bomba la majitaka la upande wa Ocean Road. Anateka mbali na uchafu wa mji, wakati maji yamejaa. Lita 360 ni madumu 18 ya lita 20. Dumu lililowahi kubeba mafuta ya taa au sabuni halitumiki, hata likisuguliwa mara kumi.

Samaki hawalishwi kwa siku moja au mbili kabla ya safari. Hili linawaudhi watoto wa nyumbani, lakini samaki mwenye tumbo tupu anachafua maji ya mfuko kidogo. Siku yenyewe, kwanza yanachotwa maji safi ya juu na kujazwa kwenye ndoo zenye vifuniko. Matumbawe yanatolewa na kuwekwa humo, kila moja mbali na mwenzake, kwa sababu mengine huunguzana yakigusana. Kisha yanatolewa mawe, ambayo husafiri yakiwa ndani ya maji, au kwa safari fupi yakiwa yamefunikwa gunia lililoloweshwa maji ya bahari. Samaki huvuliwa mwisho. Mawe yakishatoka hawana pa kujificha, na hakuna haja ya kuwakimbiza kwa wavu mpaka wakachoka kabla ya safari kuanza.

Mchanga wa zamani unahitaji tahadhari. Chini yake kumekusanyika uchafu wa miaka, na katika tabaka la chini lisilo na oksijeni hujengeka gesi yenye harufu ya yai bovu, ambayo ni sumu. Ukimwagwa kama ulivyo ndani ya tangi, utawaua waliookoka njiani. Unaoshwa kabisa kwa maji ya bahari au unanunuliwa mwingine.

Kule tunakohamia, mpangilio unageuzwa. Unatangulia mchanga, yanafuata mawe na maji, pampu zinawashwa, joto na chumvi vinapimwa, ndipo yanaingia matumbawe na mwisho samaki. Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri iwe karibu, kwani umeme haumuulizi mtu kama anahama leo. Kwa wiki ya kwanza chakula kinakuwa kidogo na amonia inapimwa kila siku. Ikipanda, sehemu ya maji inabadilishwa mara moja.

Mfuko na oksijeni

Safari ya kutoka Kariakoo hadi Upanga inaweza kufanywa kwa ndoo yenye kifuniko. Safari ndefu inataka mfuko. Desturi ya wanaosafirisha samaki hai ni kuweka maji theluthi moja ya mfuko na kujaza oksijeni theluthi mbili zilizobaki. Asiyejua hufanya kinyume, akijaza maji hadi juu akidhani anamhurumia samaki. Kumbe samaki huvuta oksijeni iliyoyeyuka ndani ya maji, na akiba yake iko katika ile nafasi ya juu. Mtungi wa oksijeni si kitu kigeni mjini. Mafundi wa kuchomelea wa Gerezani wanautumia kila siku, ingawa kuushika kunahitaji mtu aliyefundishwa.

Wengine wanaogopa kwamba mifuko hiyo imepigwa marufuku. Katazo lililoanza Juni 1, 2019 lililenga mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Kanuni zake ziliacha nafasi kwa vifungashio vya plastiki vya sekta kadhaa, ikiwamo kilimo. Mwenye kufungasha viumbe hai hana sababu ya kukimbilia ndoo wazi kwa hofu ya kukamatwa, ila ni vema akajiridhisha kwa mamlaka husika kabla ya kununua shehena ya mifuko.

Kufungua mfuko nako kuna elimu yake. Mfuko uliofungwa kwa saa nyingi hujaa hewa ya ukaa kutokana na pumzi za samaki. Hewa hiyo hufanya maji yawe na tindikali kidogo, na tindikali hiyo huipunguzia amonia makali. Mfuko ukifunguliwa hewa ya ukaa inatoka, maji yanabadilika, na amonia ile ile inakuwa kali ghafla. Kwa sababu hiyo, mfuko wa safari ndefu unaelezwa juu ya maji mapya ukiwa bado umefungwa kwa dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane. Ukishafunguliwa, samaki hawaachwi humo wakingoja mwenye nyumba amalize simu.

Wanaolipa kwa kilicho hai

Katika biashara ya dunia ya samaki wa mapambo, ambayo pwani ya Kenya imeshiriki kwa miongo kadhaa kwa kupeleka samaki wa miamba ya bahari Ulaya na Marekani kwa ndege, ipo desturi inayofahamika. Mpokeaji akifungua mfuko na kukuta samaki amekufa, hutoa taarifa mapema pamoja na ushahidi, na mara nyingi thamani ya samaki huyo hupunguzwa kwenye hesabu. Muuzaji hafanyi hivyo kwa huruma. Anajua kwamba yeye ndiye aliyechagua samaki, aliyemfungisha kula na aliyefunga mfuko. Kwa kuwa kifo kinamgusa mfukoni, amejifunza kufungasha vizuri.

Wachuuzi wa kaa wanalijua hilo kwa njia nyingine. Kaa wa mikoko kutoka Rufiji, Mafia na Kilwa hufikishwa Dar es Salaam wakiwa hai, magando yamefungwa, wamewekwa mahali penye unyevu na ubaridi, kisha husafirishwa kwenda Asia. Kaa aliyekufa hana soko huko. Kwa hiyo kila mtu katika mnyororo huo, kuanzia mvuvi hadi mnunuzi wa mwisho, anajua kwamba unyevu na kivuli ni fedha. Hakuna semina iliyohitajika. Bei ndiyo iliyofundisha.

Sasa linganisha na mfugaji wa samaki wa Kibaha au Mkuranga anayefuata vifaranga vya sato. Anahesabiwa 1,000, analipa, anapakia, anaondoka. Akifika na kukuta mamia wamekufa, hana wa kumuuliza.

Hesabu rahisi inaonyesha ukubwa wa tatizo. Chukulia, kwa mfano tu, kwamba kifaranga kimoja ni shilingi 200 na usafiri wa wote 1,000 ni shilingi 50,000. Ametoa shilingi 250,000. Wakifa 300, waliobaki ni 700, na kila aliye hai amemgharimu shilingi 357. Chukulia sasa ameongeza shilingi 30,000 kwa ajili ya mifuko mizuri, oksijeni na safari ya alfajiri, na wakafa 20 tu. Ametoa shilingi 280,000 kwa samaki 980, sawa na shilingi 286 kwa kila mmoja. Aliyeonekana kulipa zaidi ndiye aliyenunua kwa bei nafuu.

Hasara haiishii hapo. Chakula cha samaki hupimwa kwa kukadiria idadi na uzito wa samaki waliomo bwawani. Mfugaji anayeamini ana samaki 1,000 wakati anao 700 atamwaga chakula cha samaki 300 wasiokuwapo. Kitaoza, kitachafua maji, na kitawadhuru hata wale waliobaki. Mwisho wa msimu atasema ufugaji wa samaki haulipi, kumbe kosa lilianzia njiani siku ya kwanza.

Nani abebe nini

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inafuata kanuni ya zamani kwamba hatari ya kupotea kwa mali humfuata mwenye mali, isipokuwa kama wahusika wamekubaliana vinginevyo. Mnunuzi ambaye hakusema kitu anaweza kujikuta amekubali kubeba hasara tangu mali ilipokuwa yake, hata kama bado iko barabarani. Maneno ya kushika hapo ni "kukubaliana vinginevyo". Sheria imeacha mlango wazi, ni wafanyabiashara ambao hawaupiti.

Makubaliano ya haki hayahitaji wakili. Yanaweza kuandikwa kwenye karatasi ya risiti kwa mistari mitatu. Wa kwanza, aliyekutwa amekufa mfuko unapofunguliwa, iwapo safari haikuzidi saa zilizokubaliwa, ni wa muuzaji, kwa kuwa ndiye aliyefungasha. Wa pili, safari ikizidi saa hizo kwa sababu dereva alipitia kupakia abiria na viroba vya mkaa, hasara ni ya msafirishaji. Wa tatu, anayekufa baada ya kuingia katika maji ya mnunuzi ni wa mnunuzi, kwa kuwa ndiye aliyepaswa kuandaa bwawa au tangi lake mapema. Kila mmoja abebe kile anachoweza kukizuia.

Wauzaji watasema kwamba wanunuzi watadanganya. Hofu hiyo ina msingi, kwani mtu anaweza kudai wamekufa 200 wakati wamekufa 20. Lakini dawa yake si kukataa makubaliano. Mifuko ihesabiwe na kuandikwa namba, ifunguliwe mbele ya dereva, waliokufa wahesabiwe na kupigwa picha kwa simu wakiwa bado ndani ya mfuko, na picha itumwe papo hapo. Baada ya saa moja, madai yasipokelewe. Baadhi ya wauzaji wa vifaranga vya kuku huongeza viwili kwa kila mia ili kufidia vifo vya njiani. Hiyo ni hatua nzuri, ila nyongeza ya jumla haimtofautishi mfungashaji hodari na mzembe.

Wengine watasema bei itapanda. Huenda ikapanda kwa kila kichwa kinachopakiwa. Lakini mfugaji hali vichwa vilivyopakiwa, na hesabu ya hapo juu imeonyesha kwamba gharama ya kila aliyefika inaweza kushuka. Anayeuza kwa bei ya chini bila dhamana anamuuzia mteja sehemu ya mzoga.

Mlipaji wa nne

Kwa tangi la maji ya bahari yuko mlipaji mwingine ambaye hayumo kwenye risiti, nayo ni bahari yenyewe. Tumbawe likifa kwa sababu lilihamishwa ovyo, kishawishi cha kwanza ni kumtuma kijana akang'oe jingine. Matumbawe mengi ya umbo la jiwe hukua kwa kiasi cha sentimita moja hivi kwa mwaka. Lililokufa mchana mmoja ndani ya ndoo yenye joto huenda lilianza kukua kabla aliyelibeba hajazaliwa.

Miamba iliyo karibu na jiji ina mzigo wa kutosha. Mwaka 1998 joto la bahari lilisababisha matumbawe mengi ya magharibi mwa Bahari ya Hindi kupauka na kufa, na kwa miaka mingi uvuvi wa baruti ulivunja yaliyosalia. Visiwa vya Mbudya, Bongoyo na Pangavini pamoja na Fungu Yasini vilitangazwa kuwa hifadhi tangu 1975, na baadaye vikawekwa chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994. Biashara ya matumbawe ya jiwe kuvuka mipaka nayo inasimamiwa na mkataba wa kimataifa wa CITES, ambao Tanzania ni mwanachama. Mwamba ukivunjika, anayeumia mwisho ni mvuvi anayeleta samaki Feri na mama anayekaanga samaki hao Kariakoo, watu wasiojua kama kuna tangi lililohamishwa.

Kwa maana hiyo, mwenye tangi asiye na uwezo wa kulihamisha vizuri ni afadhali awagawie samaki wake mtu mwingine mwenye tangi linalofanya kazi kuliko kujaribu bahati. Asiwamwage baharini, kwani samaki aliyefugwa anaweza kupeleka maradhi, na asiye wa maji haya anaweza kuleta balaa kubwa zaidi.

Wakati umefika kwa vituo vya kutotolesha samaki, vikiwamo vya Serikali kama Kingolwira mkoani Morogoro, kuonyesha mfano kwa kuandika kwenye risiti saa ya kufungasha, idadi ya vifaranga katika kila mfuko na saa ambazo mfuko huo unahimili. Vyama vya wafugaji navyo vijadiliane na wasafirishaji kwa pamoja badala ya kila mwanachama kubembeleza dereva peke yake stendi. Na mkulima mmoja mmoja, kabla ya kutoa fedha, aulize swali moja tu ambalo mpaka sasa halijazoeleka sokoni: wakifa njiani, nani analipa? Muuzaji akicheka, atafutwe mwingine.